Balamwezi: Umbo Ndani ya Umbo, katika Ziwa Letu na katika Kazi za Wazee Wetu

Tunapoandika juu ya mila, mara nyingi tunaandika juu ya ndoa, matanga, ngoma na usultani. Ni mara chache sana tunaandika juu ya hesabu. Watu wengi wanafikiri hesabu ilifika kwetu pamoja na ubao na chaki, ndani ya shule za misioni, na ya kuwa wazee wetu walikuwa na hadithi tu. Wanafunzi nao wanasema: « Mwalimu, jeometri ni mambo ya Bazungu. » Sisi tunaofundisha tunalisikia neno hilo kila mwaka, na matunda yake si mazuri. Mtoto anayeamini kwamba kitu si cha kwao, hakishiki kwa mikono miwili.

Katika andiko hili tunataka kuangalia tawi moja la jeometri ambalo lilipata jina lake mwaka 1975 tu. Wataalamu wanaliita jeometri ya frakitali. Tawi hilo linatusaidia kufahamu vitu viwili vilivyo vya kwetu kabisa: ziwa Tanganyika, na nembo ya Batabwa inayoitwa balamwezi. Lakini tunataka kusema ukweli, bila kupunguza na bila kuongeza. Anayesema wazee wetu hawakujua kitu, anasema uongo. Anayesema walivumbua yote kabla ya Wazungu, naye anasema uongo. Kati ya uongo huo wa pande mbili kuna njia, na ndiyo tunayoitafuta.

1. Ukingo wa ziwa una urefu gani?

Tuanze na ulizo dogo. Ziwa letu lina urefu wa kilomita karibu 670 kutoka kaskazini mpaka kusini, na kina chake kinafika mita 1470. Nchi nne zinalizunguka: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Sasa, mtu akitembea ukingoni mwa maji mpaka arudi pale alipoanzia, atakuwa ametembea kilomita ngapi? Vitabu vingi vinaandika 1828. Vingine vinatoa hesabu nyingine. Nani amekosea?

Hakuna aliyekosea. Tuseme tunapima kwa kamba ya kilomita 10. Kamba hiyo itaruka ghuba zote ndogo na rasi zote ndogo. Tukichukua kamba ya kilomita moja, itaingia katika ghuba na kutoka, na hesabu itaongezeka. Tukichukua fimbo ya mita moja, tutazunguka kila mwamba, na hesabu itaongezeka tena. Tukimwita mdudu chungu apime kwa hatua zake, atazunguka kila jiwe na kila changarawe. Kadiri kipimo kinavyokuwa kidogo, ndivyo ukingo unavyokuwa mrefu.

Mwingereza Lewis Fry Richardson (1881-1953) aliligundua jambo hilo alipokuwa akichunguza mipaka ya nchi. Aliona kwamba mpaka mmoja kati ya Uhispania na Ureno uliandikwa kilomita 987 mahali pamoja, na 1214 mahali pengine. Hata mpaka wa Ubelgiji na Uholanzi, nchi ndogo zilizopimwa sana, ulikuwa na hesabu mbili: 380 na 449. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1961, baada ya kufa kwake. Mwaka 1967, Benoît Mandelbrot aliichukua na kuandika makala katika gazeti la kisayansi la Marekani, akiuliza pwani ya Uingereza ina urefu gani. Mandelbrot alizaliwa Warsaw mwaka 1924, akakulia Ufaransa, akafanya kazi Marekani, akafariki mwaka 2010. Mwaka 1975 alitoa kitabu kwa Kifaransa, na humo ndimo alimoleta jina frakitali, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya kitu kilichovunjika-vunjika.

2. Umbo linalojirudia

Frakitali ni umbo ambalo sehemu yake ndogo inafanana na umbo zima. Tuangalie makorongo yanayokula vilima vya mji wetu wakati wa mvua. Korongo kubwa lina matawi, kila tawi lina matawi yake madogo, na hata mchirizi wa maji kwenye lupango una sura ileile. Ukipiga picha bila kuweka mtu pembeni, hutajua kama ni korongo la mita mia au la mita moja. Mto na vijito vyake ni hivyohivyo. Mapafu yetu pia: bomba la pumzi linagawanyika mawili, na kila moja tena mawili, mara 23 hivi, mpaka kwenye vifuko vidogo sana. Kwa njia hiyo mwili unakunja ndani ya kifua eneo la mita za mraba 70 au zaidi, ukubwa wa chumba cha darasa. Maumbile hayapendi kupoteza nafasi.

Jeometri tuliyoizoea shuleni, ya Euklide, inajua mstari, duara na mraba. Ni nzuri kwa nyumba na kwa meza, lakini mlima si koni na wingu si mpira.

Kila mwanafunzi anaweza kujaribu mwenyewe katika kaye yake. Achore pembetatu yenye pande za santimita 16. Atie alama katikati ya kila upande, aunganishe alama hizo, na aipake rangi ile pembetatu ya katikati. Zinabaki pembetatu tatu nyeupe za santimita 8. Afanye hivyo kwa kila moja: zitakuwa 9, kisha 27, kisha 81, na hizo za mwisho zitakuwa na upande wa santimita moja tu. Kwa hatua nne, eneo jeupe limekuwa chini ya theluthi ya lile la mwanzo, lakini idadi ya pembetatu inaongezeka tu. Mtaalamu wa Poland, Sierpiński, aliieleza pembetatu hiyo mwaka 1915.

Hapa kuna ajabu. Mstari ukikuzwa mara mbili, unapata mistari 2 kama ule wa kwanza. Mraba ukikuzwa mara mbili, unapata miraba 4. Pembetatu hii ikikuzwa mara mbili, unapata 3. Basi si mstari, na wala si eneo kamili. Iko katikati: kipimo chake si 1 wala 2, ni 1,58 hivi. Pwani ya Uingereza ilipewa 1,25 hivi. Hivyo ndivyo Mandelbrot alivyoweza kukipa namba kitu ambacho zamani tulikuwa tunasema tu « kimepinda-pinda ».

3. Maji na miaka

Frakitali haziko katika maumbo tu, ziko pia katika wakati. Jambo hili lilianza kuonekana Afrika, juu ya mto Nile. Mwingereza Harold Edwin Hurst alifika Misri mwaka 1906 akafanya kazi huko miaka mingi. Alitafuta kujua bwawa la kuhifadhi maji liwe na ukubwa gani. Alikuwa na hesabu za kale sana, juu kwenye kisiwa cha Roda mjini Kairo watu walipima maji ya Nile tangu mwaka 622. Alitazamia kukuta miaka ya maji mengi na ya maji machache imechanganyika bila mpango, kama kurusha sarafu. Kumbe haikuwa hivyo. Miaka ya maji mengi ilifuatana kwa makundi, na ile ya maji machache pia. Alichapisha mambo hayo mwaka 1951.

Mandelbrot na mwenzake Wallis walirudia kazi hiyo mwaka 1968, wakatoa majina kutoka Biblia. Tabia ya maji kupanda ghafula kupita kiasi waliiita ya Noa. Tabia ya miaka kufuatana kwa makundi waliiita ya Yosefu, juu ya ile miaka saba ya shibe na saba ya njaa. Mchoro wa maji ya miaka 10 na ule wa miaka 100 inafanana: ndani ya kupanda kukubwa kuna kupanda na kushuka kudogo.

Tulitazame ziwa letu sasa. Mto Lukuga, unaotoka hapa Kalemie na kwenda kwa Lualaba, ndio mlango pekee wa maji ya ziwa. Cameron aliuona mwaka 1874. Stanley alipopita mwaka 1876 alikuta umezibwa na matope na mafunjo. Lakini ziwa lilikuwa linapanda, na maji yakavunja kizuizi. Joseph Thomson alipofika mwisho wa mwaka 1879 alikuta mto wenye nguvu. Baadaye ziwa likashuka kwa miaka mingi. Baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962, likapanda tena, likafika juu sana mwaka 1964. Na sisi wenyewe tumeona: tangu 2020 maji yalipanda, na mwaka 2024 yaliingia katika nyumba za ukingoni hapa Kalemie, Uvira na Bujumbura.

Watu wengi walisema: « Ile ni ajabu, haiyafanyika tangu zamani. » Ilikwisha kufanyika. Ila kati ya kupanda na kupanda, watu waliozaliwa wakati wa maji machache walijenga pale ambapo maji yalikuwa zamani. Anayesahau kwamba ziwa linarudi, analipa kwa nyumba yake. Hapo tunafika kwa wazee na kwa nembo yao.

4. Nembo ya mwezi mpya

Batabwa wanakaa upande wa magharibi na kusini-magharibi wa ziwa, kuanzia kusini ya Kalemie, Moba, mpaka Zambia. Nembo yao kubwa ni mstari wa pembetatu zinazofuatana, kama meno ya msumeno. Jina lake ni balamwezi, maana yake kuchomoza kwa mwezi mpya. Mwamerika Allen Roberts, mtaalamu wa elimu ya watu, aliishi kati ya Batabwa wa Lubanda, karibu na Mpala, tangu 1974 mpaka 1977, akaandika mengi juu yake. Mwaka 1985 maonyesho makubwa ya sanaa ya Kitabwa yalifanyika Marekani, na jina lake lilikuwa lilelile: kuchomoza kwa mwezi mpya.

Balamwezi ilionekana wapi? Katika mikeka na vikapu, katika sanamu za mababu, na katika ngozi ya watu wenyewe, kwa nembo zilizochanjwa. Ilionekana pia katika nkaka, ule utepe wa ushanga ambao waganga wa bulumbu walifunga kichwani. Nkaka ni jina la mnyama, yule ambaye Waswahili wa pwani wanamwita kakakuona. Magamba yake yanapangana moja juu ya lingine kama pembetatu. Kwa hiyo aliyebuni utepe ule alikuwa amemtazama mnyama kwa uangalifu.

Na kwa nini mwezi? Usiku wa giza, mwezi ukiwa umepotea, ni usiku wa hofu: simba, wachawi, safari mbaya. Mwezi mpya ukionekana, watu wanapata tumaini. Lakini si tumaini la daima, juu giza litarudi. Pembetatu moja si kitu. Ni mfuatano wake unaosema. Unaposhuka na kupanda, unapanda na kushuka, unasema kwamba kilichoondoka kitarudi, kizuri na kibaya. Sisi tunaona kwamba hilo ni fundisho lilelile tulilolikosa ukingoni mwa ziwa.

5. Je, balamwezi ni frakitali?

Hapa tuwe waangalifu. Pembetatu zinazofuatana kwa ukubwa mmoja bado si frakitali. Ni mfuatano, kama kengele inayopigwa kwa kipimo kimoja. Ili iwe frakitali, lazima umbo dogo likae ndani ya lile kubwa, nalo libebe jingine dogo zaidi. Katika balamwezi, kinachopita kutoka ukubwa mmoja hadi mwingine ni nembo yenyewe: ileile juu ya ushanga wa paji la uso, juu ya mgongo wa mtu, juu ya mkeka wa nyumba. Tunaweza kusema ni jirani wa frakitali. Zaidi ya hapo tusiseme.

Lakini Afrika ina mifano iliyo kamili zaidi. Mwamerika Ron Eglash alitoa kitabu juu yake mwaka 1999. Mmoja wa mifano yake ni vijiji vya zamani vya Baila, huko Zambia, kusini ya ziwa letu. Kijiji kizima kilikuwa duara lenye mlango. Duara hilo lilijengwa kwa maduara madogo, kila moja boma la jamaa moja, lenye mlango upande uleule. Nyumba zilikuwa ndogo karibu na mlango na kubwa kwa nyuma. Upande wa nyuma, ndani ya duara kubwa, lilikaa boma la sultani, nalo lilikuwa na sura ya kijiji kizima. Hilo ni umbo ndani ya umbo kweli, na watu walilijenga kwa kujua, juu lilionyesha heshima: nani yuko mlangoni na nani yuko kichwani.

Eglash mwenyewe anaonya kwamba si kila kitu kinachofanana na frakitali kimetoka katika ujuzi wa frakitali. Mti unazaa matawi bila kujua hesabu. Mtu anayesuka naye anaweza kufuata mkono wake tu. Ujuzi unaonekana pale anapoweza kutaja kanuni: anza hapa, rudia hivi, punguza hivi. Mama anayesuka mkeka anahesabu nyuzi: anaruka tatu, anarudi mbili, anajua pembetatu itafunga wapi kabla ya kuifikia. Hiyo ni kanuni, hata kama haikuandikwa.

6. Ubao wa kukumbuka

Baluba, jirani zetu wa magharibi, walikwenda mbali zaidi katika kutumia maumbo kwa akili. Chama chao cha Mbudye kilitunza historia ya ufalme kwa ubao mdogo unaoitwa lukasa. Unashikwa kwa mkono mmoja. Juu yake kuna shanga, kauri na alama zilizochongwa. Mjuzi alipitisha kidole juu yake na kusema: huyu ni mfalme fulani, hii ni njia waliyopita, hapa ni mahali patakatifu. Shanga kubwa iliyozungukwa na shanga ndogo ilionyesha mkubwa na watu wake.

Lakini ubao ule haukusimamia kitu kimoja tu. Umbo lake lilikuwa la kobe, mnyama wa Mbudye. Lilikuwa pia ramani ya uwanja wa mfalme. Mpango mmoja uliweza kusomwa kwa ukubwa mbalimbali, mkononi, katika uwanja, katika nchi. Hapo tunaona kazi ya kurudia umbo katika akili ya mtu. Kichwa hakiwezi kubeba majina mia yaliyotawanyika. Kikipata mpango mmoja unaojirudia, kinabeba mengi. Mwanafunzi anayejua kanuni ya pembetatu ya Sierpiński hana haja ya kukariri pembetatu 81. Anakariri hatua moja.

7. Vitu vilivyokwenda na vilivyobaki

Kwa nini basi watoto wetu hawajui hayo? Sababu moja ni kwamba vitu vyenyewe haviko tena. Mwaka 1883 Luteni Émile Storms, Mbelgiji, alianzisha kituo cha Mpala. Mwezi wa Desemba 1884 watu wake walimwua sultani Lusinga, wakamkata kichwa. Fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji pamoja na sanamu ya jamaa yake. Sanamu hiyo iko katika makumbusho ya Tervuren. Mwaka 2022 watu wa Ixelles, mjini Brussels, waliiondoa sanamu ya Storms mwenyewe katika uwanja, na mwaka huohuo Ubelgiji ulitunga sheria ya kuwezesha kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni.

Sababu ya pili iko kwetu. Nembo za mwili zilikatazwa na misioni na kudharauliwa na shule, zikaisha. Nkaka imebaki kwenye picha. Mikeka ya ukindu inasukumwa nje na mikeka ya plastiki, ambayo michoro yake imetoka mbali na haina jina kwetu. Mama anayesuka akifariki bila kufundisha, kanuni yake inakwenda naye, na hiyo hakuna makumbusho ya Ulaya yatakayoirudisha.

Kwa hiyo tunaleta mashauri matatu kwa wanachama. Kwanza, tuwatembelee wasukaji wazee wa Kalemie na Moba, tuandike jina la kila mchoro na kanuni yake kwa hesabu: nyuzi ngapi, unaruka ngapi, unarudi wapi. Pili, walimu wa hesabu waanzishe somo la pembetatu kwa mkeka wa nyumbani, kisha wafike kwa Sierpiński. Mtoto aone kwamba njia ni moja. Tatu, tutie alama ya rangi mahali maji ya ziwa yalipofika mwaka 2024, katika kuta za shule na makanisa ya ukingoni, na tuandike mwaka kando ya alama. Atakayetaka kujenga baada ya miaka thelathini, ziwa likiwa limeshuka na sisi hatupo, atasoma ukutani.